Mjomba, bima ya Marekani na siku 54 za kuchagua

Mwezi wa kumi mwaka 2024 mjomba alinitumia picha 23 kwa WhatsApp kwa mara moja. Nilidhani ni za harusi ya mjukuu wake. Mega zangu zilikuwa zinakaribia kuisha, kwa hiyo nilingoja usiku nifungulie penye mtandao mzuri. Kumbe hazikuwa za harusi. Zilikuwa kurasa za barua kwa Kiingereza, herufi ndogo ndogo, meza ya jikoni ikionekana pembeni, na chini yake sauti yake: «Mpwa wangu, wewe umesomea uandishi. Nisomee hii. Nina mpaka tarehe saba mwezi wa kumi na mbili.»

Wasomaji wangu wa Baraka na Fizi mnaijua hali hii. Karibu kila nyumba hapa ina mtu ng'ambo, na tunazoea kufikiri kwamba wao ndio wanaotusaidia sisi. Mara nyingine inageuka. Mjomba alivuka Tanganyika mwaka 1996 vita vilipofika kwetu, akakaa kambini Nyarugusu miaka mingi (huko ndiko alikojifunza kudai shikamoo, na hadi leo ukimsahaulia hakujibu), kisha mwaka 2013 akapelekwa Marekani, jimbo la Iowa. Alikuwa na miaka 55. Alifanya kazi katika kiwanda cha nyama miaka kumi, akastaafu mwanzoni mwa 2023 alipotimiza 65. Kiingereza chake ni cha kiwandani: kisu, baridi, haraka, kapu. Barua ya bima haina hata neno moja kati ya hayo.

Nami Kiingereza changu ni cha kozi ya uandishi wa habari, si kikubwa. Nilikaa na barua ile siku tatu, nikitumia programu ya kutafsiri ya simu, na tafsiri ya kwanza niliyompa mjomba ilikuwa ya aibu. Niliona mahali pameandikwa dola 4,900 nikamwambia, «Mjomba, hizo ndizo watakazokulipia kwa mwaka, zikiisha ndiyo basi.» Akanyamaza, akasema ni kidogo kwa nchi ile. Kesho yake nilisoma tena nikagundua ni kinyume kabisa. Dola 4,900 ni kiasi cha juu ambacho yeye mwenyewe angeweza kutoa mfukoni kwa mwaka, ndipo kampuni ilipe yote yanayobaki. Nilimpigia kuomba radhi. Alicheka, akasema bora mimi nimekosea kuliko yeye kusaini.

Niwaeleze nilichokuja kuelewa, maana najua si mjomba peke yake.

Medicare ni bima ya serikali ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, hasa kwa watu wenye miaka 65 na zaidi. Imegawanywa kwa herufi. Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini, na mtu aliyefanya kazi akikatwa kodi kwa miaka kumi hailipii mchango wa kila mwezi. Mjomba aliikamilisha ile miaka kumi kwa mgongo wake. Sehemu B ni ya madaktari na vipimo, na hiyo inalipiwa: mwaka 2024 ilikuwa dola 174.70 kila mwezi, na mwaka 2025 ilikuwa dola 185. Inakatwa moja kwa moja kwenye pensheni. Sehemu D ni ya dawa. Anayebaki na Medicare hii ya serikali anakwenda kwa daktari yeyote anayeipokea, nao ni wengi, lakini baada ya kiasi cha kuanzia Medicare inalipa asilimia 80 ya gharama za madaktari na mgonjwa anabaki na asilimia 20. Hizo 20 hazina mwisho. Ukifanyiwa matibabu makubwa, zinakufuata.

Sasa kuna njia ya pili, ambayo watu huita Medicare Advantage. Hapo kampuni binafsi inachukua nafasi ya kukuhudumia, inakusanya yote mahali pamoja, mara nyingi haikudai mchango juu ya ule wa Sehemu B, inakuongezea meno na miwani, na nyingine zinakupa kadi ya kununulia vyakula. Hapa ndipo mjomba alipo. Alipostaafu, mtu mmoja aliyekuja baada ya ibada alimwandikisha, akamwonyesha kadi ya vyakula, na mjomba akaona Mungu amekumbuka wazee. Hakuna aliyemwambia kwamba kampuni ina orodha yake ya madaktari, na kwamba orodha hiyo inaweza kubadilika.

Hilo ndilo lililokuwa kwenye ukurasa wa 9 wa zile picha. Daktari wa figo wa mjomba hakuwa tena kwenye orodha ya 2025. Kadi ya vyakula ilibaki, tena imeongezwa kidogo.

Mjomba ana kisukari, na figo zake zimeanza kuchoka. Yule daktari ndiye aliyemwelewa. Alimwekea mkalimani kila mara, akamchorea figo kwenye karatasi. Mjomba aliniambia jambo ambalo lilinikaa: «Huyu mzungu ananijua hata nikikonda kidogo.»

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 mwezi wa kumi hadi tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili, wazee wa Marekani wanaruhusiwa kubadilisha. Siku 54. Barua ya mabadiliko inatumwa kabla, mwishoni mwa mwezi wa tisa, na wengi huiweka juu ya friji. Katika siku hizo simu zinalia. Mjomba alipigiwa na watu wa kila aina, wengine kwa Kiswahili safi kabisa, wakimwita baba, wakimwahidi kadi kubwa zaidi. Kwa sheria ya huko hawaruhusiwi kukupigia bila wewe kuomba. Ukisikia sauti tamu ambayo hukuiita, hata ikiwa na lafudhi ya Kigoma, kata.

Nilimuuliza kwa nini asirudi kwenye ile ya serikali na kununua bima ya nyongeza, ile wanayoiita Medigap, inayofunika zile asilimia 20. Nilijiona nimepata jibu. Lakini Medigap ina mlango wake: unapotimiza 65 na kuingia Sehemu B, una miezi sita ya kuinunua bila kuulizwa ugonjwa wowote. Aliyejaribu Advantage kwa mara ya kwanza naye ana mwaka mmoja wa kurudi nyuma. Vyote vilikuwa vimempita mjomba. Akienda sasa, katika majimbo mengi pamoja na Iowa, kampuni ina haki ya kumuuliza afya yake, na mwenye kisukari na figo hatapewa kirahisi.

Sisi hapa tunacheka tukisikia mambo haya, lakini mutueli zetu za afya za Kivu Kusini zina mantiki ileile. Unatoa mchango wa mwaka kwa kila kichwa, kampeni ya kujiandikisha ikifungwa unangoja nyingine, na mgonjwa analipa sehemu yake. Watu wengi wa Baraka hawajazoea kulipa kabla ya kuugua. Kwa miaka mingi MSF walitibu watu bure hapa, na mtu aliyezoea hivyo ukimwambia alipie malaria ya mwaka ujao anakuona tapeli. Mjomba naye aliondoka akiwa na fikra hiyo, akapita kambini ambako pia dawa ni bure, akatua Iowa.

Sasa niseme kilichotufanya tusilale.

Mama yake mjomba, yaani nyanya yangu, bado yuko hai hapa Baraka. Ana zaidi ya miaka 85 na macho yameisha. Mjomba hajamwona tangu 1996. Mpango wake, aliouweka tangu siku ya kustaafu, ulikuwa kuja mwezi wa pili na kukaa naye miezi minane, pengine zaidi. Alikuwa anaweka akiba ya tikiti kwenye bahasha. Na swali lake la kweli, ambalo lilikuja mwishoni mwa simu ya nne, saa tatu usiku kwetu na saa saba mchana kwake, lilikuwa hili: «Nikiwa Baraka, hiyo bima inanifuata?»

Haimfuati. Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani, isipokuwa katika hali chache sana, na Baraka haimo. Tena aliye kwenye Advantage akikaa nje ya eneo la kampuni yake zaidi ya miezi sita, kwa kawaida anaondolewa. Nikafikiri, basi aache Sehemu B kwa muda, aokoe zile dola 185 za kila mwezi awe nazo hapa. Nilimwambia hivyo. Kosa la pili. Anayeacha Sehemu B na kurudi baadaye bila sababu inayokubalika anaongezewa asilimia 10 ya mchango kwa kila mwaka mzima aliokaa nje, na nyongeza hiyo haiondoki, anakufa nayo. Nilimpigia tena kabla hajafanya lolote.

Baada ya hapo nilimwambia ukweli: mjomba, mimi ni mtu wa redio, tafuta mtu wa kazi hii. Kila jimbo la Marekani lina huduma ya ushauri wa bure kwa wazee kuhusu Medicare, huitwa SHIP, na Iowa wanaiandika SHIIP. Washauri wake hawauzi bima. Binti yake alipiga, wakamweka mkalimani kwenye simu. Mjomba anasema Kiswahili cha mkalimani kilikuwa cha Nairobi na ilibidi watafsiriane wao kwa wao, lakini walifika.

Mshauri alianza kwa kumuuliza kipato chake. Mjomba alisita, kwa sababu huku kwetu anayekuuliza pesa zako ana nia yake. Mwishowe akasema: haifiki dola 1,000 kwa mwezi. Mshauri akamuuliza kwa nini analipa Sehemu B mwenyewe. Kuna msaada wa jimbo kwa wazee wenye kipato kidogo na akiba ndogo, Medicare Savings Programs, unaowalipia mchango huo, na kwa wenye kipato cha chini zaidi unafunika hata zile asilimia 20. Anayeupata anaingizwa pia kwenye msaada wa dawa. Pengine mjomba angeupata tangu siku ya kwanza.

Nilikaa na kikokotoo cha simu. Miezi 11 ya 2023 kwa dola 164.90, na 12 ya mwaka 2024 kwa dola 174.70. Ni zaidi ya dola 3,900. Nawaambia kwa nini nilihesabu. Nyanya hana mutueli. Dawa zake za presha na chakula chake vinatoka kwa mjomba, na katika miaka hii miwili pesa zilipungua, kutoka 100 kwa mwezi hadi 50, kisha miezi mingine hakuna. Sisi hapa tulisema maneno. Tulisema mjomba amekuwa Mmarekani. Mimi pia nilisema, na nimelimwambia hilo, kwa sababu ningeandika haya bila kumwambia ingekuwa aibu ya pili.

Ombi la msaada lilipelekwa mwezi wa kumi na moja, jibu halijafika. Lakini tarehe 7 haikungoja jibu. Tarehe 5 mjomba alihamia kampuni nyingine ambayo daktari wake wa figo yumo, baada ya binti yake kupiga simu kwenye ofisi ya daktari mwenyewe na kuuliza, maana mshauri aliwaambia wasiamini orodha ya karatasi peke yake. Kadi ya vyakula haipo. Insulini haitazidi dola 35 kwa mwezi, na kwa mwaka 2025 mtu mwenye bima ya dawa hakutakiwa kutoa zaidi ya dola 2,000 kwa dawa zinazofunikwa. Msaada wa jimbo ukikubaliwa na hesabu ikibadilika, bado ana nafasi moja ya kuhama, kati ya tarehe 1 mwezi wa kwanza na 31 mwezi wa tatu.

Na safari? Ni miezi mitano, si minane. Mshauri alimwambia pia aulize ofisi ya jimbo kabla ya kukata tikiti, ule msaada usije ukaguswa na kutokuwepo kwake. Nilikwenda kumweleza nyanya. Nilijaribu kueleza Sehemu A na B, akanikatiza akauliza hiyo mutueli ya mwanawe inamlipia nani kama haimlipii akiwa kwao. Sikuwa na jibu. Akaniuliza tena miezi mitano ni mingapi kwa kuhesabu mvua. Nikamwambia atafika kabla ya masika na kuondoka kiangazi kimeshika.

Kwa sasa natafuta mahali pa kuweka insulini. Hapa nyumbani hatuna friji. Mwenye duka la dawa karibu na soko ana moja ya sola, amekubali kuniwekea, ila ameniomba mjomba alete na chombo chake cha baridi cha safari, kwa sababu njia ya kutoka Bujumbura kupitia Uvira mpaka hapa siku nyingine inachukua siku nzima.