Daktari wa Pili

Niliwekewa nyonga bandia nikiwa na miaka 24. Seli mundu ilikuwa imeziba mishipa, kichwa cha mfupa wa paja kikafa kwa kukosa damu. Miaka saba baadaye maumivu yalirudi. Daktari wangu aliinua eksirei kwenye mwanga. "Kimelegea. Tutafungua tena."

Nje, mama akanong'ona, "Ukienda kwa mwingine, huyu hatachukia?"

Nilikwenda, bahasha ya picha kwapani, nikijiona msaliti.

Wa pili hakuifungua bahasha kwanza. "Nionyeshe panapouma, binti." Nikashika paja. "Saa ngapi hasa?" Nikiinuka tu, hatua za mwanzo. Naye akasema kimelegea. Ila kabla ya kisu alitaka damu ipimwe, na maji ya kiungo yavutwe kwa sindano: kama kuna wadudu ndani, kiungo kipya kitawekwa juu ya ugonjwa uleule.

Nilikuwa nimetafuta mtu wa kuniambia hapana. Nikapata ndiyo ileile, yenye swali moja zaidi.

Nilimrudia wa kwanza na swali hilo. Alinyamaza, kisha akaandika vipimo.

"Kumbe hakuchukia," alisema mama kwenye daladala. Mimi nilikuwa nawaza sindano.