Yaya Yuko Isangi

Mwenye mtu wake mtoni anaijua adha hii. Balenieri, ile boti ya mbao, inaondoka Kisangani, inapita Yangambi, simu inakata, na tangu hapo nyumbani hakuna ajuaye kitu. Njia ya maji mpaka Kinshasa inazidi kilomita 1,700, sehemu kubwa ni mto na msitu. Mwaka ule injini ya boti ya yaya, ndugu yangu mkubwa, ilipokufa chini ya Isangi, uvumi ulimtangulia kufika kwetu Lubunga: boti imezama, watu wamekwisha. Mama aliacha kula. Majirani wakaanza kuleta mikeka. Yaya alirudi mzima, lakini usingizi wa mama haukurudi.

Ndiyo maana, nilipokwisha kupata kibali cha redio na jina la hewani, linaloanza na 9Q kama mengi ya Kongo, nilitafuta kifaa cha APRS. Mfumo huu ulibuniwa na Mmarekani Bob Bruninga: kifaa kinachukua mahali ulipo kutoka GPS, kinapageuza kuwa mlio mfupi, na redio ya VHF inaurusha hewani.

Kilinitesa. Kwenye kompyuta mistari ya GPS ilikuja na herufi V, maana yake mahali hapajajulikana. Bati la nyumba lilikuwa linazuia satelaiti. Nikakitoa uani, nikakiacha kitulie, maana GPS iliyolala muda mrefu huhitaji hata dakika 12 na nusu kupokea ratiba nzima ya satelaiti. V ikawa A. Nilipiga kelele mpaka watoto wa jirani wakaja mbio.

Bado redio haikurusha kitu. GPS ilikuwa inasema kwa kasi ya 9600, kifaa kinasikiliza kwa 4800. Nikazilinganisha. Sasa ikarusha, lakini kila ikirusha kifaa kinazimika na kuwaka upya: nyaya za betri zilikuwa nyembamba, umeme ukawa unashuka pale redio inapouhitaji zaidi. Nikaweka nyaya nene. Tena mlio ukatoka mkali mno, redio ya pili ikawa inausikia bila kuuelewa. Nilipunguza sauti kidogo kidogo, usiku, umeme wa mtaa umekatika, taa ya simu mdomoni, nikimwomba Mungu anipe subira ya kufika mwisho.

Likabaki la umbali. VHF haivuki msitu wa kilomita 100, na hapa mjini sikumsikia mwenzangu hata mmoja wa kupokezana. Lakini Kituo cha Kimataifa cha Anga kina redio ya wapenzi wa redio, na kwenye 145.825 MHz hurudia kinachosikia. Kikipita juu ya jimbo letu la Tshopo, kwa dakika chache kinaziona Kisangani na Isangi kwa pamoja. Nikaandika ARISS kwenye njia ya ujumbe ili kituo kiurudie, tukafunga kifaa ndani ya balenieri na antena juu ya paa lake.

Safari iliyofuata, kituo kilipita mara kadhaa bila neno. Halafu mstari ukaja: jina langu la hewani, 0°46′ Kaskazini, 24°16′ Mashariki. Nikaweka kidole kwenye ramani.

“Mama, yaya yuko Isangi.”

“Nani amekuambia?”

“Boti yenyewe.”

Akaomba nimsomee tena namba zile, polepole. Kisha akaniuliza kama nimekula, akaenda kuwasha makaa.