Mistari ya Wengine



Ndugu zetu katika imani, shemeji yetu alituletea zawadi ya kifaa cha kusomea vitabu. Ni chembamba kama daftari la shule, kinabeba mamia ya vitabu na chaji yake hukaa wiki kadhaa. Tulimshukuru Allah, tukampa binti yetu aliye kidato cha pili, ndani yake tukaweka kitabu cha Sira ya Mtume (s.a.w.).

Siku chache tu akasema amekimaliza. Tulifurahi mno. Usiku mmoja baada ya Maghrib tukamuuliza: Bibi Umm Salama (r.a.) alifanya nini kule Hudaybiya? Akanyamaza. Tulipombana akasema, "Mama, mimi nilisoma pale palipopigwa mistari."

Hapo ndipo tulipokaa na kifaa kile sisi wenyewe. Chini ya baadhi ya sentensi mlikuwa na vinukta, pamoja na idadi ya wasomaji waliozipenda kabla yetu. Chini pembeni kifaa kilikuwa kinahesabu dakika zilizobaki kumaliza sura. Na sisi watu wazima, tulipojaribu kusoma, macho yalikwenda kwenye dakika kabla ya maneno. Kumbe mtoto alikuwa akikimbizana na saa, na watu asiowajua ndio waliomchagulia pa kusimama.

Tukaingia kwenye mipangilio, tukazima mistari ya wasomaji wengine. Tukagusa pale penye dakika, tukaendelea kugusa mpaka pakabaki patupu. Kisha tukawasha hali ya ndegeni ili intaneti ikatike, kwani vitabu vilivyokwisha kupakuliwa husomeka bila hiyo. Kamusi tuliiacha, maana ina manufaa. Kazi yote haikufika robo saa.

Binti akaanza upya, na safari hii alichukua wiki tatu. Akafika mwaka wa 6 Hijria. Masahaba walikuwa na huzuni kwa masharti ya mkataba, hata Mtume (s.a.w.) alipowaamrisha wachinje na wanyoe, hakuna aliyeinuka. Akaingia kwa Umm Salama, akamweleza. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Alipofanya hivyo, wote wakainuka wakafuata.

Binti yetu alikuja mbio jikoni na kifaa mkononi. "Mama, hapa hapakuwa na mstari hata mmoja!" Akapiga wa kwake.

Madrasa tunafundishwa kusoma Qur'ani kwa tartili, tusiikimbize. Vitabu vingine havifikii daraja hiyo, lakini navyo vina haki ya kusomwa kwa utulivu. Hatusemi kutazama walichokipenda wengine ni makosa, ila kuje baada ya mtu kusoma mwenyewe. Wazazi wenzetu, kabla hamjamkabidhi mtoto kifaa, kaeni nacho kwanza mjue kinamwonyesha nini. Na nyinyi wanafunzi, kurasa alizoziruka kila mtu huenda ndizo zenye jibu mnalolitafuta.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na watoto wetu. Amin.

Wallahu aalam.