Kanisa Lililofunikwa na Maji: Habari za Faras katika Nchi ya Nubia

Tangu mwaka 1964 wasafiri wengi waliopanda meli Aswan, kusini mwa Misri, kwenda Wadi Halfa katika Sudan, wamepita karibu na mji uliozama wasijue. Ziwa ni kubwa, maji yametulia, na kando zake ni mchanga na mawe matupu. Hakuna alama ya kumwambia abiria kwamba hapo mpakani, upande wa magharibi, palikuwa na kanisa kuu lenye kiti cha askofu, wala kwamba wenyeji wa nchi ile, Waafrika kama sisi, walimwabudu Kristo ndani yake karne nyingi kabla merikebu ya kwanza ya Wareno haijaonekana Mombasa. Zamani mji huo uliitwa Pachoras. Watu wa karne zilizofuata waliuita Faras. Habari za Kanisa la Uhabeshi tunazisikia mara kwa mara, lakini za Nubia ni wachache wanaozijua, na kwa hiyo nimeona vema kuziandika hapa.

Yamkini zisingejulikana hata sasa kama mji usingalikuwa karibu kupotea kabisa. Mwaka 1960 Misri ilianza kujenga ukuta mkubwa wa kuuzuia mto Naili penye Aswan, na ilijulikana wazi ya kuwa ukuta ukiisha kusimama, nchi ya Nubia itageuka ziwa. Watu kama 50,000 wa upande wa Sudan walihamishwa wakapelekwa mbali, Khashm el-Girba, wakaiacha mitende yao na makaburi ya wazee wao. Msomaji aliyepata kuhama katika shamba la babu yake atafahamu hilo lilikuwa jambo gani. Ndipo UNESCO ilipowaita wataalamu wa mataifa waje kuokoa mambo ya kale kabla ya maji kufika, na wachimbaji wa Poland, wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski, wakapewa Faras. Walipofika mwaka 1961 waliona kilima cha mchanga, na juu yake magofu ya ngome ya Waarabu. Walichimba, na chini ya ngome wakakuta kuta za kanisa zimesimama bado, na kanisa lenyewe limejaa mchanga kama debe lililojazwa mtama.

Mchanga huo uliingia zamani kwa milango na madirisha, ukaletwa na upepo wa jangwani, mpaka watu wakashindwa kuuzoa. Lakini kwa sababu jua na mvua havikupata njia, rangi za kutani zilibaki. Kila walipoutoa mchanga, nyuso zilitokea: malaika, mitume, wafalme, maaskofu. Hapo ikawa kazi ya kushindana na maji, kwa maana picha hizo hazikupakwa juu ya jiwe bali juu ya udongo uliosiribwa ukutani, na udongo huo ukiguswa kwa ukali humomonyoka. Mafundi walibandika juu ya kila picha karatasi nyororo ya Kijapani kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa mti, wakaipiga pasi ya moto mpaka ikashika, kisha wakakata tabaka ile ya udongo kwa visu na misumeno, wakailaza katika makasha yenye pamba. Zaidi ya picha 120 zilitolewa kwa njia hiyo. Mwaka 1964 kazi ilikwisha, na maji yakafika. Zaidi ya 60 katika picha hizo ziko katika nyumba ya makumbusho ya Warsaw. Nyingine zilipelekwa Khartoum. Vita vilipozuka Khartoum mwaka 2023, nyumba ya makumbusho ya huko iliingiliwa na vitu vingi vikaporwa, hata picha zilizokimbizwa maji zikakutwa na hatari ya pili.

Picha inayopendwa kuliko zote ni ya Anna, ambaye mapokeo ya Kanisa humtaja kuwa mama yake Mariamu. Sehemu ya chini imepotea, lakini uso umesalia, na macho yake makubwa, na kidole kimoja amekiweka midomoni kama mtu anayenyamazisha watoto wakati wa sala. Wataalamu wengine husema anaomba kimya kimya. Ilipakwa miaka 1,200 iliyopita au karibu yake. Picha nyingine ni ya Askofu Petros, aliyekuwa askofu mwishoni mwa karne ya 10. Uso wake ni mweusi, kama walivyokuwa watu wake, na nyuma yake amesimama Mtume Petro mwenye uso mweupe, ameweka mikono mabegani mwake. Tena iko picha kubwa ya vijana watatu katika tanuru ya moto, Shadraka, Meshaki na Abednego, na malaika mkuu Mikaeli amewafunika kwa mbawa zake. Katika picha ya kuzaliwa kwa Bwana, wachungaji wawili wa kondeni wameandikwa hata majina yao, Arnias na Lekotes. Majina hayo hayamo katika Injili, na mwalimu asije akayafundisha darasani kana kwamba yamo! Lakini yanaonyesha jinsi watu wa Faras walivyoiona habari ile kuwa ya karibu, kama habari ya jirani. Na katika ukuta mmoja yameandikwa majina ya maaskofu wa mji, 27 kwa jumla, wakifuatana, kila mmoja na miaka ya kazi yake.

Watu hawa walipataje Injili? Yule towashi wa Matendo ya Mitume sura ya 8 alimtumikia Kandake, malkia wa Kushi, na mji wa malkia huyo ulikuwa Meroe, kando ya mto huo huo wa Naili katika Sudan, wala si Uhabeshi kama wengi wanavyodhani. Alipofika kwao alifanya nini, Maandiko hayasemi. Habari zilizoandikwa zinaanza karibu na mwaka 543, wakati wa Kaisari Justinian wa Konstantinopoli na mkewe Theodora, nazo tunazipata kwa Yohana wa Efeso, askofu aliyeishi siku zile zile. Mume na mke hawa hawakupatana katika mafundisho juu ya asili ya Kristo, na kila mmoja alitaka wajumbe wake ndio watangulie Nubia. Theodora alimwandikia liwali wa Misri ya Juu kwamba akiwaacha wajumbe wa Kaisari wapite kabla ya Padri Julian, mjumbe wake, atakatwa kichwa. Liwali akaelewa. Wajumbe wa Kaisari walipofika wakitaka wanyama wa safari, waliambiwa wangoje. Na wale wa malkia walipokuja, wakawachukua wanyama wakaenda zao, na liwali akaomba radhi kwamba amenyang'anywa kwa nguvu. Kwangu mimi huo si mwanzo wa kujivunia. Lakini huyo Julian alikuwa mtu wa kazi. Joto la Nubia lilimshinda, hivyo tangu saa tatu hata saa kumi (na saa zao walizihesabu kama sisi tuhesabuvyo zetu, tangu kucha) aliketi katika mapango yenye maji, amejifunga nguo moja ya kitani kama wenyeji, akifundisha na kubatiza. Alikaa huko miaka miwili. Baada yake alikuja Longinus, akaendelea mpaka ufalme wa Alwa, ulio mbali zaidi kusini, mnamo mwaka 580.

Kanisa hilo likaota mizizi. Sala zilisomwa kwa Kiyunani, na Kikopti pia kilitumika, lakini Wanubia hawakuridhika kusoma kwa lugha za wageni tu. Walitwaa herufi za Kiyunani na za Kikopti, wakaongeza chache za Meroe ya kale kwa ajili ya sauti ambazo Wayunani hawana, wakaandika lugha yao wenyewe. Katika vitabu vilivyosalia kimo kimoja cha muujiza wa Mtakatifu Mena, ambacho bila shaka watoto wao walikipenda. Mwanamke mmoja asiyemjua Mungu alikuwa tasa, na nyumbani mwake hakuna kitu kilichozaa, hata kuku. Akaweka nadhiri kwamba akipata kuzaa atalipeleka yai la kwanza la kuku wake kanisani kwa Mena. Yai likapatikana, akampa mwenye mashua alipeleke. Yule baharia akasahau. Siku nyingine akaliona, akalipika, akalila. Jumapili yuko kanisani, mara akamwona Mtakatifu Mena anakuja amepanda farasi mweupe. Akapigwa teke, na lile yai likatoka ndani yake, nalo ni kuku mzima anayelia! Mena akampelekea mwanamke yule kuku wake, naye baadaye akazaa mtoto mwanamume, wakabatizwa.

Kwa silaha pia Wanubia walijulikana. Majeshi ya Waarabu walioishinda Misri yalirudishwa na wapiga upinde wao, ambao shabaha yao ilikuwa jicho la adui, na mwaka 652 yakafanywa mapatano yaliyodumu karne nyingi. Waandishi wa Kiarabu wa baadaye wanasema kwamba kwa mapatano hayo Wanubia walitoa watumwa 360 kila mwaka, wakapokea nafaka na nguo. Hatuwezi kulificha neno hili. Wafalme waliopakwa picha ukutani mwa kanisa, chini ya mbawa za malaika, walikuwa wakitoa watu.

Kupungua kwao kulikuwa kwa polepole. Ndugu wa ukoo wa kifalme waligombana, kila mmoja akiita majeshi ya Misri yamsaidie. Makabila ya jangwani yakaingia. Na mwaka 1317 jumba la wafalme katika Dongola likafanywa msikiti. Hata hivyo imani haikuzimika siku moja. Mwaka 1964 wachimbaji kutoka Uingereza walifukua kaburi katika kanisa la Qasr Ibrim, chini ya Faras kwa mkondo wa mto, wakamkuta Askofu Timotheos, amevaa mavazi yake. Pamoja naye palikuwa na magombo mawili, moja la Kikopti na moja la Kiarabu, kila moja urefu wake karibu mita 5. Zilikuwa barua za Patriaki wa Iskanderia za mwaka 1372 au karibu yake, kuwatangazia watu wa Ibrim na Faras kwamba huyu ndiye askofu wao. Amezikwa na hati zake.

Baada yake giza. Kisha, mara moja tu, sauti inasikika. Padri Francisco Álvares, Mreno aliyekaa Uhabeshi kutoka 1520 hata 1526, anaandika kwamba wakati alipokuwa huko walikuja kwa mfalme wa Uhabeshi watu sita kutoka Nubia. Walikuwa wametoka mbali sana, nao walikuwa na ombi moja: wapewe mapadri na watawa wa kuwafundisha. Mfalme akawajibu kwamba yeye mwenyewe askofu wake humpata kwa Patriaki wa Iskanderia. Basi, atawezaje kuwapa wengine kitu ambacho naye hupewa? Akakataa. Msiria mmoja aliyepata kutembea Nubia alimwambia Álvares kwamba huko bado yako makanisa 150 ya kale, na picha za Bwana na za Bibi Mariamu zimepakwa kutani.

Watu wale sita wakarudi kwao bila mwalimu, na majina yao hakuna aliyeyaandika.