Barua kutoka Minnesota: Bibi wa Duluth

Ndugu zangu wa nyumbani,

Tangu mlipopata habari kwamba nimetoka hospitali, simu yangu haijatulia, na karibu kila ujumbe unaanza na hongera za kupona. Nazipokea kwa mikono miwili. Ila mjue kwamba kila zikizidi, nampigia simu mama mmoja mstaafu anayeishi Duluth, kaskazini mwa jimbo hili, nikamsomea, naye huangua kicheko mpaka akakohoa. Yeye alipewa hongera hizo hizo miaka mingi iliyopita, kabla hajaweza hata kupanda ngazi za nyumba yake.

Wengi mmeuliza nilipasuliwa wapi. Sikupasuliwa. Saratani yangu ya damu ilikuwa ya ile aina inayokuja kwa kishindo, na kemo za mwanzo ziliipunguza tu. Madaktari walisema ikiachwa hapo itarudi. Basi wakaumaliza uloto wangu wa zamani kwa dawa kali zaidi, kisha wakatundika mfuko mmoja wa seli shina za mwanangu wa kiume, zikaingia mshipani taratibu. Mtu mwingine angedhani naongezewa damu. Mwanangu alikuwa amechomwa sindano siku kadhaa ili seli hizo zitoke mifupani ziingie kwenye damu, akalalamika kwamba mifupa inamuuma kama mwenye dengue, halafu akakaa saa nyingi kwenye mashine inayozichuja.

Kabla ya hapo walinipima jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwanamke aliyebeba mimba anaweza kubaki na kingamwili dhidi ya mtoto wake mwenyewe, na zikiwa nyingi, seli za mtoto huyo zitakataliwa. Nililala siku mbili nikiwaza kwamba huenda mwili wangu umemchukia mwanangu bila mimi kujua. Majibu yalikuja mazuri. Leo ukiipima damu yangu utakuta kromosomu za kiume, na kundi lake limehama kutoka O likawa B, la kwake yeye. Baba yake anasema nyumba nzima sasa inaongozwa na ukoo wake.

Kwa nini mwanangu, anayelingana nami nusu tu, na si mtu baki anayelingana nami kamili? NMDP, sajili ya wachangiaji ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Minneapolis, inasema uwezekano wa Mmarekani mweusi kumpata mtu baki anayelingana naye kikamilifu ni asilimia 29. Kwa Mzungu ni asilimia 79. Sisi waliotuzaa wana vinasaba vya aina nyingi zaidi, na waliojiandikisha miongoni mwetu ni wachache. Kilichoniokoa ni kazi ya madaktari wa Johns Hopkins kule Baltimore, waliogundua kwamba dozi ya dawa ya zamani ya kemo, saiklofosfamaidi, ikitolewa siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa, huzituliza seli zile za mgeni zinazotaka kumshambulia mwenyeji. Tangu hapo mzazi, mtoto au ndugu anayelingana nawe nusu tu anatosha. Mji huu nao una historia yake: mwaka 1968 Daktari Robert Good alimpandikiza hapa mtoto mchanga uloto wa dada yake, na ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani kazi hiyo kufaulu.

Hayo ni ya madaktari, na wameyafanya vizuri. Mimi nataka kusema juu ya yaliyofuata.

Mnajua kwetu Tanga mtu akiugua nyumba hujaa. Jamvi hutandikwa, masufuria huja kutoka kila upande, na asiyekuja atakumbukwa hata miaka kumi. Watu wetu wa huku, Watanzania na Wakenya wa Brooklyn Park, walitaka kufanya vivyo hivyo. Daktari akakataza. Mtu ambaye kinga yake iko sifuri, mafua ya mgeni yanaweza kumuua. Maua marufuku, kachumbari marufuku, mtoto wa chekechea marufuku. Basi wakawa wanaacha pilau mlangoni, wanagonga, wanarudi kwenye gari kunipungia mkono kwenye theluji. Walichangisha pesa za kodi ya nyumba wakati mume wangu alipoacha kazi anihudumie, kwa sababu hapa huruhusiwi kutoka hospitali bila mtu wa kukaa nawe usiku na mchana. Deni lao siwezi kulilipa.

Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupita nilipokuwa napita, na hapo ndipo nilipokuwa peke yangu.

Namba ya Bibi wa Duluth nilipewa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii pale wodini. Kuna utaratibu wa kumkutanisha mgonjwa na mtu aliyekwisha kupandikizwa na akafunzwa namna ya kusikiliza. Huyu aliendesha basi la shule maisha yake yote. Babu zake walitoka Finland, na aliyempa uloto ni kijana wa Ujerumani. Nilidhani hatutakuwa na la kuongea. Alipopiga mara ya kwanza hakuniuliza naendeleaje. Aliuliza, “Mate yameshaanza kuwa mazito?” Yalikuwa yameanza asubuhi ile, na nilikuwa sijamwambia mtu kwa kuona aibu.

Mambo aliyonifundisha hayamo kwenye vijitabu. Kile kidonge cha kuzuia seli mpya zisinigeuke, takrolimasi, huwezi kukimeza asubuhi ya siku ya kliniki mpaka wamalize kutoa damu ya kupima kiwango chake. Ukikimeza kwa mazoea, kipimo kimeharibika. Akaniambia nikitie kwenye kikopo kidogo mfukoni mwa koti tangu usiku, nikinywe hapo hapo kwenye kiti cha maabara. Dawa hiyo hiyo hutetemesha mikono, kwa hiyo chai nijaze nusu kikombe na niache kujidai na visahani mbele ya wageni. Macho yakikauka nivae miwani hata ya kioo kitupu, maana upepo wa hapa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hauna huruma.

Ngozi ilipotoka vipele viganjani, wakanipa vidonge vya prednisoni, na nikawa mtu mwingine. Saa tisa usiku nilikuwa napanga upya makabati ya jikoni. Siku moja nilimfokea mume wangu, mtu aliyenibeba chooni kwa mikono yake, kwa sababu ya kijiko. Nilipomsimulia Bibi wa Duluth alinikatiza katikati: “Hicho ni kidonge. Kamwambie sasa hivi, mimi nasubiri kwenye laini.” Nikaenda, nikamwambia, nikarudi, naye alikuwa bado yupo anatafuna kitu.

Na yale mambo ya chumbani, ambayo dawa zile huyavuruga kwa kumkomesha mwanamke hedhi kabla ya wakati wake na kumkausha, daktari aliyataja kwa sentensi moja huku akiangalia kompyuta. Bibi wa Duluth aliyazungumza saa nzima, kwa majina yake, tena kwa sauti kubwa. Kwetu kuna somo wa kumfunda mwari; mwanamke aliyetoka kwenye kemo hana wake.

Sitawaficha kwamba msaada wa namna hii una gharama. Kuna kikao chetu cha video kila Alhamisi jioni, wote tuliopandikizwa. Kulikuwa na kijana fundi umeme wa Wisconsin, mcheshi kuliko wote. Saratani yake ilirudi, na baada ya muda akafariki. Wiki kadhaa sikuingia kikaoni. Bibi wa Duluth hakunibembeleza. Alisema kundi lake la kwanza wamebaki watatu, na hao watatu huenda kuvua samaki pamoja kila mwaka na kugombana safari nzima. Alhamisi iliyofuata niliingia, nikakaa kimya, hakuna aliyenilazimisha kusema.

Nimekuwa nikijiuliza: Tanga yote niliyokulia, hakuna aliyewahi kuugua saratani ya damu? Walikuwepo. Sikumjua hata mmoja kwa sababu tuliambiwa alikuwa na homa, au upungufu wa damu, au kuna mkono wa mtu. Tunamficha mgonjwa kwa nia ya kumsitiri, kisha anayefuata anapoanza kuumwa hana wa kumuuliza. Aliyekufa amesitirika, aliyepona naye amesitirika, na huyo ndiye tunayemhitaji. Naona hasara yetu kubwa iko hapo kuliko hata kwenye uhaba wa dawa, na najua wapo watakaonibishia.

Sasa Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wameanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Nimefurahi mno. Ninawaomba wahusika wafanye kitu kisichohitaji mashine: mama ambaye mwanawe ametoka, akikubali, namba yake apewe mama ambaye mwanawe anaingia. Wawafunze akina mama hao wasitoe dawa wala kutisha, wasikilize tu na kusema lililowakuta. Vocha ya simu inatosha.

Mimi nimeanza kufunzwa. Tayari kuna binti wa Kikenya huko Texas anayesubiri kupandikizwa, na tumeongea. Mama yake yuko Kisumu, visa bado. Nilimuuliza juu ya mate.

Safari ya nyumbani mwaka huu haipo, msinipangie. Chanjo zangu zote za utotoni zilifutika pamoja na uloto wa zamani. Nimeshaanza upya pepopunda na polio, lakini zenye virusi hai, kama surua na homa ya manjano, hazitolewi kabla ya miaka miwili kupita. Na malaria sitaki hata kuiota.

Shangazi, ile habasoda na unga wa mlonge usimpe mtu aniletee. Najua unatuma kwa mapenzi, lakini vya mitishamba hugombana na vidonge vyangu, na vya unga hubeba ukungu usioonekana. Tuma majani ya chai ya Usambara, hayo yanachemshwa. Weka pakiti mbili, moja inakwenda Duluth.