Gesti Inanukia, Tambara Je?

Mshikaji akiingia chumba cha gesti, kwanza ananusa. Akikuta kamarashi kamepulizwa anatupa begi kitandani, anavua viatu, anasema "hapa poa." Imeisha hiyo! Swali lake lililobaki ni kama tivii inashika mpira. Sasa mimi namwambia hivi: marashi hayaui mdudu hata mmoja. Ukitaka kujua umelala wapi, ulizia tambara lililofuta hicho kimeza chako limetokea wapi.

Naongea kwa sababu nimelishika hilo tambara. Nilipomaliza kidato cha nne maisha yalinipeleka kwenye gesti moja hapa Bariadi, siyo mbali na stendi, nikawa "dada wa usafi." Mji wetu haukauki wageni. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu, watu wa semina wamekuja kuungana na watu wa pamba, watu wa ng'ombe na madereva wa Lamadi na Maswa. Halafu Nane Nane ya kitaifa ikaletwa Nyakabindi miaka 3 mfululizo, 2018, 2019 na 2020. Ile ya mwisho nilikuwa kazini. Mteja anatoka saa 4 asubuhi, mwenzake kasimama mlangoni na begi, bosi anaita "fanya fasta!" We unadhani chumba kinasafishwa kwa dakika ngapi hapo?

Mchezo wenyewe uko hivi. Tambara moja, ndoo moja ya maji. Linaanzia chooni kwa sababu ndiko kunakonuka, linapita kwenye sinki, linamalizia mezani, kwenye rimoti na kitasa cha mlango. Chumba kinang'aa! Kumbe kilichokuwa chooni kimehamishiwa pale mgeni atakapoweka maandazi yake. Huo siyo usafi, ni kuusambaza uchafu kwa maji.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa makamo tuliyekuwa naye kazini, Msukuma wa Itilima. Ukimwambia "mwangaluka, mayu," anaitikia huku mikono haijasimama. Yeye alikuwa na matambara 3 ya rangi tofauti, aliyoyakata mwenyewe kwenye mashuka yaliyochakaa. La chumbani haliingii chooni, na la chooni halitoki huko hata uje na fimbo. Sheria yake ilikuwa fupi: anza juu ushuke chini, anza penye usafi umalizie penye uchafu. Choo kinakuwa cha mwisho, halafu mikono inanawa kwa sabuni kabla ya kugusa shuka jipya. Hakuhitaji cheti kulijua hilo.

Jiki nalo lina adabu zake. Wengi wanalimwaga kavukavu juu ya uchafu, wanafuta hapohapo, wanaona wamemaliza. Wapi! Uchafu wenyewe unaimaliza nguvu ya klorini kabla haijawafikia wadudu. Kwanza osha kwa sabuni na maji, suuza, ndipo jiki lifuate. Soma lebo ya chupa. Kama ni jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji kinakupa dawa ya asilimia 0.5, ile inayotumika hata mahali palipomwagika damu au matapishi. Iache dakika 10 ifanye kazi. Na usithubutu kuichanganya na dawa ya choo yenye asidi ukidhani unaongeza nguvu. Inatoka gesi inayobana kifua, utatolewa humo chooni ukiwa umebebwa.

Tuje kitandani, kwenye mambo yenyewe. Kuna gesti ambako shuka likionekana halina doa linageuzwa tu, upande wa chini unakuwa juu, kazi imekwisha. Mgeni wa jana akiwa na upele, wa leo anapewa zawadi. Wadudu wa upele wakitoka mwilini mwa mtu wanaweza kuishi siku 2 au 3 hivi, na maji yenye joto la nyuzi 50 kwa dakika 10 yanatosha kuwamaliza. Kwa hiyo shuka libadilishwe kila mgeni anapoondoka, foronya pia. Na usilikung'ute kama unafukuza kuku, maana vilivyomo vinaruka hewani na wewe ndiye unayevivuta. Likunje taratibu kuelekea ndani, liende kwenye beseni.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu leo ni wembe.

Siku moja mwenzangu alikuwa anakusanya mashuka. Mteja alikuwa amenyoa, akauacha wembe humohumo kwenye mikunjo, tena wenye damu. Ukamchana kiganja. Hakuwa na glovu kwa sababu gesti haikuwa nazo. Bosi akampa plasta na kumwambia amalizie vyumba viwili vilivyobaki. Ni yule mama aliyemshika mkono, akamnawisha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akampeleka hospitali siku ileile. Kule akapimwa, akapewa dawa za kuzuia Ukimwi, dozi ya siku 28. Dawa hizo zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndiyo bora zaidi. Namshukuru Mungu majibu yake ya mwisho yalikuwa mazuri. Aliporudi gesti alikuta siku yake imekatwa kwenye mshahara.

Na Ukimwi siyo peke yake. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Chanjo yake ipo, mtu mzima kwa kawaida anachomwa mara 3. Ni mabosi wangapi wa gesti wamewahi kuwaambia dada zao wa usafi habari hiyo? Mimi sikuambiwa.

Kipindupindu nacho kilipotupiga Simiyu mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kila mtu alikumbuka ghafla sabuni na maji ya kutiririka. Wakati wa korona mwaka 2020 ilikuwa hivyohivyo, ndoo zenye koki kila mlango. Ugonjwa ukipungua, ndoo inageuka ya kufugia vumbi. Lakini choo cha gesti hakina msimu. Watu kumi tofauti wanakitumia kwa wiki, na asubuhi kuna binti mmoja anayeinama mbele yake.

Sasa bosi wangu, shikamoo. Glovu nene za mpira, jiki na sabuni ni sehemu ya biashara yako sawa na kitanda. Boksi la glovu sidhani kama linazidi bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja. Mpe dada yako muda wa kukisafisha chumba, na akijikata mpe ruhusa ya kwenda hospitali, siyo plasta na kelele.

Na wewe mteja, kaka yangu wa begi, wembe ukimaliza kunyolea tia ndani ya chupa tupu ya maji, funga kifuniko, iache mezani ionekane. Kondomu ifunge kwenye karatasi, weka kwenye ndoo ya taka, usiitupe chini ya kitanda kama siyo yako. Ukiharisha au kutapika usiku, sema. Hakuna atakayekucheka, ila ukinyamaza unamtega mtu anayekuja na mikono mitupu. Ukifika mapokezi, kabla ya kuuliza habari ya mpira, omba shuka litandikwe ukiona, kisha muulize anayetandika: "Dada, glovu unazo?" Akisema anazo, lala. Akicheka na kutazama pembeni, ujue yeye na wewe mko hatarini pamoja, na yeye hana pa kuhamia.

Mwenzangu bado anafanya kazi hiyohiyo, gesti nyingine. Siku hizi glovu anajinunulia mwenyewe.