Mikono ya Mama na Mashini ya Kufulia

Mama yangu mzazi alikuwa na mikono miwili isiyolingana. Kifundo cha mkono wa kuume kilikuwa kinene kuliko cha kushoto, tena wakati wa mvua kilimwuma hata asiweze kusonga ugali. Sisi watoto tulidhani alizaliwa hivyo. Kumbe ilikuwa kazi. Miaka mingi alifua mashuka ya watu kando ya ziwa Kivu, pale Bukavu, na kwa fedha hiyo mimi na dada yangu tulilipiwa shule. Shuka zito lililolowa maji halikamuliwi kwa upole: husokotwa kwa nguvu, siku zote kuelekea upande ule ule, na mwishowe mkono hauwi tena kama ulivyokuwa.

Nawaeleza wasomaji jambo hili kwanza kwa sababu mimi nilikuja kuwa fundi wa mashini za kufulia, na kila mashini niliyoifungua nilijiuliza ingemsaidia nini yeye.

Anayetaka kuielewa mashini ya namna hii na atazame kwanza mikono ya mfuaji. Hufikicha, hupiga juu ya jiwe, hukoroga majini, husuuza, kisha hukamua. Sabuni huulegeza uchafu, lakini maji yasipopenyezwa kwa nguvu katikati ya nyuzi, uchafu haung'oki. Sijaona bado mashini inayoyaiga matendo hayo yote. Kila mtengenezaji alichagua moja au mawili, mengine akayaacha.

Ya kwanza niliifungua mwaka 1971, nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Ilitoka Marekani, na wenyewe walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Ilikuwa pipa lililosimama juu ya miguu minne. Katikati ya pipa ulisimama mti wenye mabawa, nao haukuzunguka moja kwa moja, bali uligeuka kidogo huku, ukarudi kidogo kule, bila kuchoka. Mama alifika karakana kuniletea chakula, akautazama, akacheka: «Baba, huyu anasonga ugali!» Tangu siku hiyo mti ule mimi nauita mwiko, na wanafunzi wangu wote wameurithi usemi huo.

Nilistaajabu kuona moteri yenyewe ikizunguka upande mmoja tu. Basi nani aliurudisha mwiko nyuma? Chini ya pipa palikuwa na sanduku la chuma lililojaa mafuta. Ndani yake gurudumu la meno lilizungushwa na moteri. Juu ya gurudumu umefungwa mkono wa chuma. Mkono ule ulisukuma na kuvuta kipande kingine chenye meno kama upinde, na upinde ndio ulioupeleka mwiko na kuurudisha. Nilikaa siku mbili nikigeuza vyuma vile kwa kidole. Sidhani kama nimewahi kuona kitu kizuri zaidi katika kazi yangu.

Akili hiyo haikupatikana kwa siku moja. Huko Ujerumani, nyumba ya Miele ilikuwa ikiunda vyombo vya kusukia siagi. Mwaka 1901 ikatoa mashini ya kufulia ya mbao iliyofanana sana na chombo kile cha siagi, nayo ilizungushwa kwa mkono. Katika mashini nyingi za wakati ule vigingi vya kukorogea vilining'inia kutoka kifunikoni, vikazikokota nguo majini. Mwaka 1922, katika mji wa Newton, Iowa, fundi Howard Snyder wa nyumba ya Maytag aliviondoa kifunikoni, akausimamisha mwiko chini katika kitako cha pipa. Tangu hapo si nguo zilizokokotwa, bali maji yenyewe yalisukumwa kupita kati yake. Tena Maytag waliuza mashini zenye moteri ndogo ya petroli, kwa wakulima ambao umeme haujawafikia. Hilo na lifikiriwe na wale wanaosema kwamba pasipo umeme hapana mashini.

Lakini kukamua je? Juu ya pipa palikuwa na rola mbili za mpira zilizobanana. Shuka liliingizwa katikati, maji yakatoka. Rola hizo hazikujua tofauti ya shuka na vidole. Wanawake wengi wa Marekani waliumizwa nazo, hata watengenezaji wakalazimika kuweka kitasa cha kuziachanisha upesi. Mama aliziona, akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

Baadaye zilianza kufika mitumba ya Ulaya, zenye kioo mbele. Hizi hazina mwiko. Pipa limelala ubavu, na ndani yake mna mbavu tatu zinazozinyanyua nguo hadi juu na kuziachilia zianguke. Lazima pipa lizunguke polepole, mara hamsini hivi kwa dakika. Likizidi sana, nguo hugandamana ukutani, hazianguki tena, wala hazifuliwi. Anguko lile ndilo lililo badala ya kupiga juu ya jiwe. Tena kwa kukamua, pipa hilo hilo huzunguka mara elfu na zaidi, maji yakaruka nje kwa matundu.

Mwendo huo wa kasi uliwasumbua wahandisi. Mashini ya Bendix ya mwaka 1937, iliyojifanyia kazi yote yenyewe nyumbani, ililazimika kukazwa sakafuni kwa boliti ili isitembee. Dawa iliyopatikana baadaye ni pipa kuning'inizwa kwa springi, na kufungiwa uzito. Siku nilipomwonyesha mama tofali zito la saruji ndani ya mashini ya Ulaya, alilipapasa kwa muda. «Hata hii ina jiwe lake,» alisema. Nadhani aliipenda kwa sababu hiyo tu. Kwa hesabu ya maji pia alikuwa na haki ya kuipenda. Nyingi za zile za mwiko zilizojiendesha zenyewe zilikunywa zaidi ya litri 150 kwa mfuo mmoja, yaani bidoni saba au nane za kuchota. Hizi za pipa lililolala hutosheka na bidoni mbili au tatu.

Mwaka 1991, nyumba ya Fisher & Paykel ya New Zealand ilitoa moteri bapa yenye sumaku, iliyofungwa moja kwa moja katika mhimili wa mwiko. Hapana mkanda, hapana sanduku la meno: umeme wenyewe huamrishwa kwenda na kurudi. Ni kazi bora, nakubali, na vyuma vya kulika vimepungua. Lakini anayetoa amri ni kibao chembamba cha elektroniki, na umeme wetu hupanda na kushuka bila kupiga hodi. Jino lililovunjika niliweza kulichonga kwa tupa. Kibao kikiungua, namwambia mwenye mali asubiri kingine kutoka mbali, naye hunitazama kama mwongo.

Mwaka 2009 nilimnunulia mama mashini ya plastiki yenye vyumba viwili. Katika chumba cha kufulia hamna mwiko, bali sahani ndogo yenye matuta, kitakoni, inayozungusha maji huku kisha kule. Ukoo wake ni wa zamani: Hoover walianza mwaka 1948 pale Merthyr Tydfil, Wales, kwa sahani iliyokaa ubavuni mwa pipa. Nilijivuna sana. Mama alifua mara moja, akatoa mashuka yaliyosokotana kama kamba, akakaa kitako kuyafungua moja moja. «Inazungusha tu,» akaniambia, «haifikichi.» Sikuwa na la kujibu, kwani ndivyo ilivyo.

Juma lililofuata nilimkuta uani. Alikuwa amefua katika beseni kwa mikono yake, kama zamani, kisha mashuka yakilowa maji aliyatia katika chumba cha pili, kile chenye moteri yake ya kukamulia. Aliyapanga vizuri yasielemee upande mmoja, akafunika, akageuza kitufe. Kwa dakika tatu alikaa juu ya kigoda akisikiliza, mkono wa kuume ukiwa umelala mapajani mwake.

Hakukitumia chumba cha kufulia tena. Alipofariki, mwaka 2016, sahani yake ilikuwa ingali mpya, na upande wa kukamulia nilikuwa nimekwisha kuutengeneza mara nne. Mashini iko kwa dada yangu.